Chupa Zenye Masikio

Nilipokuwa mdogo kule Ozi, kiboko aliingia shamba la mpunga la nyanya yangu akatoka amevaa debe mguuni. Wako watu wanaosimulia habari hii wakisema debe lilikuwa kichwani, lakini hao hawakuwapo, na kichwa cha kiboko hakiingii debeni hata umbembeleze. Lilikuwa mguuni. Nyanya alilitumia debe lile kufukuzia wanyama, alikuwa akilipiga kwa kijiti, na jioni hiyo akalisahau kwenye tuta. Alfajiri tukamsikia mnyama akirudi mtoni, puu, kwaa, puu, kwaa, kama mlevi aliyepoteza kiatu kimoja. Babu alicheka mpaka akakaa chini. Nyanya hakucheka. Aliingia majini mpaka magotini, akamtukana kiboko, akamtukana na mamake kiboko, akataka arudishiwe debe lake.

Mpunga ulioliwa hakuutaja. Mimi nilishangaa, maana mpunga ndio chakula. Sikujua bado kwamba mpunga huota tena na debe halioti.

Basi watoto wa nyumba ile tulikua tukiheshimu chombo kitupu. Chupa ikiisha dawa inaoshwa. Mkebe ukiisha maziwa ya unga unaanikwa juani. Nyanya alikuwa akisema nyumba isiyo na chombo kitupu ni nyumba isiyotarajia kitu. Nimekwisha kukaa na watu wengi tangu hapo, nimekata miwa ya watu, nimelinda ghala Malindi, na nimeona wenye nafasi zao wakitupa jalalani chupa nzuri za jemu pamoja na mifuniko yake. Wallahi nilikuwa nikipita naziokota. Mwenye ghala aliniuliza kama ninafungua duka la dawa. Lakini huyo mwenye ghala hana kazi katika habari hii, nilitaka kufika kwa dadangu.

Dadangu, mdogo wangu wa baba mmoja mama mmoja, ndiye aliyerithi ugonjwa huo wa nyanya. Chini ya kitanda chake kulikuwa na katoni imejaa chupa, za jemu, za kahawa, za vidonge, zile nyeupe za zahanati. Ndani yake alitia viungo vyake vya kupikia, na vingine vilikuwa kwenye mifuko ya nailoni imefungwa fundo, maana kazi yake ilikuwa kupika. Asubuhi aliuza chai na mahamri mlangoni kwake pale Garsen, na palipokuwa na harusi aliitwa kupika pilau. Watu walimjia kutoka Tarasaa, na hata kutoka Golbanti, ambako wenyewe hawakosi wapishi.

Aliolewa na mtu wa ng'ombe, Muorma. Harusi hiyo ilizungumzwa sana. Sisi watu wa mto tunalima, na wao ng'ombe wao wanapenda sana tunacholima, basi kila mwaka ni kupelekana kwa chifu. Siku ya mahari mjomba wangu aliwatazama ng'ombe walioletwa, akawazunguka, akawashika nundu, kisha akasema mbele ya wageni, "Hawa wamenenepa kwa mahindi yetu wenyewe. Kwa hivyo leo tunalipwa mali yetu." Nikadhani damu itamwagika. Wale wazee wa Kiorma wakacheka kuliko sisi. Dadangu akaenda.

Halafu ikaja mvua ile ya tisini na saba, iliyovuka ikaingia tisini na nane bila hata kupiga hodi. Nyumba yangu Ozi niliiona ikienda. Ukuta wa udongo hauanguki kwa kishindo, unalainika tu kama mkate kwenye chai. Nikafika Garsen na godoro lililolowa na redio isiyosema kitu, na dadangu akanipa chumba cha mbele. Ndivyo nilivyopata kuyaona haya ninayoyaandika. Nisingekuwa na shida ya mahali pa kulala nisingejua kitu.

Shemeji yangu alikuwa na ng'ombe wengi. Siwezi kusema wangapi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwahesabu. Yeye alisema ng'ombe hahesabiwi kwa kidole, ni kumtafutia mkosi. Mwenyewe aliwatazama tu jioni wakiingia zizini, akaona fulani hayupo, kama wewe unavyowatupia jicho watoto wako mkekani ukajua yupi bado yuko nje. Maji yaliwachukua baadhi. Waliobaki wakashikwa na homa, wakaanguka kwenye tope mmoja baada ya mwingine, na nyama yao tukaambiwa isiliwe. Akarudi nyumbani na fimbo.

Sasa huyu hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Alikuwa akija kwa siku chache, analeta samli, anakunywa chai ya maziwa mengi, anaondoka kufuata nyasi. Hapo akawa anakaa uani kutwa, fimbo magotini, anatazama ukuta wa jirani. Ukimsalimia anaitikia vizuri. Ukimwuliza habari anasema salama. Mimi nilijaribu kumchokoza, maana shemeji ni wa kutaniwa, nikamwambia, "Shemeji, huo ukuta hautakamika." Akasema, "Wewe mtu wa mtumbwi, nyamaza." Akaendelea kuutazama.

Siku moja dadangu alikuwa anapepeta mchele, nami nimekaa karibu naye kwa sababu ya kivuli. Akasema bila kuinua uso, "Kaka, huyu ataondoka."

"Aende wapi? Ng'ombe hana."

"Ndiyo maana ataondoka. Mume wa huyu jirani alisema anakwenda kutazama nyasi tu. Nyasi gani za kutazamwa mpaka leo?"

"Mpe kazi."

"Kazi gani? Alime? Mwambie wewe alime, nami nikae mbali nitazame."

Sikumwambia. Lakini nilielewa kitu kimoja siku hiyo, labda ndicho pekee nilichokielewa katika mambo haya yote, kwamba dadangu hakutaka pesa wala nyumba ya bati wala nini. Alitaka yule mtu asiondoke. Alikuwa amemngojea kwa misimu miaka yote, na sasa Mungu amemkalisha uani, alitaka abaki hapo hapo, hata kama ni kutazama ukuta.

Mkono wa Mungu ukaleta meza. Karani mmoja wa ofisi alihamishwa, hakutaka kuhangaika na mizigo kwenye barabara iliyokatika, akauza meza yake ya kuandikia. Dadangu akaitaka ya jikoni. Ilikuwa meza nzito, na chini yake ina droo pana ya kulaza faili. Sisi watu wa pwani droo tunaiita mtoto wa meza. Dadangu akaivuta, haikutoka, imevimba kwa maji. Akasema, "Mtoto wa meza amegoma."

Shemeji akageuka kutoka kwenye ukuta wake. "Meza nazaa?"

"Ndilo jina lake," nikamwambia. "Hiyo ya kuvuta. Mtoto wa meza."

"Meza iko na ndama," akasema, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaja akapiga magoti pale mbele, akaipapasa ile droo chini na juu, kama anayemsaidia ng'ombe aliyekwama na uzazi. Akatoa kisu chake. Akaparua mbao pembeni, akaomba samli, akapaka. Na samli ya dadangu ilikuwa huwezi kuiomba hata ukiwa na kifua. Siku hiyo alitoa kopo zima. Droo ikatoka. Yeye akaisukuma ndani, akaivuta tena, akaisukuma.

Dadangu akanitazama kama mtu aliyeona moshi kwenye kuni mbichi. Akaingia chumbani, akarudi na ile katoni ya chupa. "Bwana, nipangie hivi viungo kwenye mtoto wa meza. Mimi nachelewa kuvitafuta." Kumbe hajawahi kuchelewa maishani mwake. Alikuwa akitia mkono chini ya kitanda bila kutazama, na kinachotoka ndicho alichokitaka.

Mwanzo kazi ya kuandika majina walinipa mimi, kama msomi. Usomi wenyewe ni wa ngumbaru. Mwalimu wetu aliondoka kabla hatujafika herufi ndogo, kwa hivyo mimi mpaka leo naandika kwa herufi kubwa tupu, kama mtu anayepiga kelele. Hata haya nimeyaandika hivyo hivyo, atakayeyachapa atayapunguza sauti. Tukakata karatasi, tukakoroga unga wa ngano na maji ya moto uwe gundi, tukakaa watatu sakafuni. Shemeji anafungua chupa, ananusa, anauliza. Hakuuliza "hii nini," aliuliza "huyu nani."

"Huyu nani?"

"Bizari," akasema dadangu. Nikaandika BIZARI.

"Na huyu?" Ilikuwa ile ya njano.

"Bizari hiyo pia. Ya manjano."

"Na huyu?"

"Hiyo ni bizari ya mchuzi. Imechanganywa."

Shemeji akaziweka chupa tatu mbele yake. "Watatu jina moja. Baba yao mmoja?"

"Ni majina tu, shemeji," nikasema. "Ile ya kwanza ni mbegu nyembamba, ya pilau. Ya pili ni rangi. Ya tatu ni ya mchuzi. Zote bizari."

"Ng'ombe watatu jina moja. Ukiita, nakuja nani?"

Nikamtazama dadangu anijibie. Dadangu akasema, "Anakuja yule ninayemtaka." Na kweli kwake ndivyo ilivyokuwa. Lakini mimi nililala na swali hilo, na nimezeeka nalo. Nilikwenda hata kumwuliza mwenye duka wa Kipini aliyekuwa akituuzia viungo, watu wa Kipini Kiswahili ni chao cha kuzaliwa, akanijibu kwamba bizari ni bizari. Nikarudi na kichwa kilekile.

Nikamaliza kuandika. KARAFU, MDARASINI, ILIKI, PILIPILI MANGA haikutosha kwenye karatasi ikawa PILIPILI MA. Nikazibandika. Halafu nikazitazama, na hapo ndipo akili ikaanza kuniruka. Dadangu hasomi herufi hizi, anasoma za msahafu. Na hata angesoma, yeye hutumia pua. Shemeji hasomi kabisa. Mimi ninayesoma sipiki, sijui hata maji ya wali. Basi nilikuwa nimemwandikia nani? Mende ndio waliofaidi. Walikula gundi ya unga mpaka asubuhi bizari moja ikabaki IZAR.

Shemeji akasema, "Hii kazi yako hapana nzuri." Hakusema kwa ubaya. Akabandua zote kwa kucha.

Akachukua katoni nene ya biskuti, wembe na uzi. Akakata vipande vya umbo la jani, akatoboa, akafunga kila kimoja kwenye shingo ya chupa kikaning'inia. Nikauliza hayo ni nini. Akasema ni masikio. Watu wa ng'ombe huwakata ng'ombe wao masikio, kila jamaa ina mkato wake, ili mnyama akichanganyika na wa wengine ajulikane. Mwingine hukata ncha, mwingine hupasua katikati, mwingine huchonga pembeni mara mbili. Shemeji aliijua mikato ya jamaa zote kuanzia huko Hola mpaka baharini, ilikuwa kichwani mwake kama sisi tunavyojua nyumba za mtaani. Basi akavigawia viungo. Iliki akampa mkato wa jamaa ya mamake, kwa sababu iliki hukaa na maziwa. Mdalasini akampa wa rafiki yake mmoja mrefu. Pilipili manga akampa wa jamaa waliogombana naye kisimani, akacheka peke yake alipokuwa akilikata sikio lile. Zile bizari tatu akazitenga kila moja na ukoo wake, akasema sasa hakuna kudanganya watu.

"Na mkato wenu uko wapi?" nikauliza. "Hujampa yeyote?"

"Huo wa ng'ombe," akasema, akaendelea kukata.

Akazipanga. Wa maziwa upande mmoja, wa nyama upande mwingine. Karafuu karibu na ukuta wa droo kwa sababu, alisema, ni mkali lakini hana akili ya kutembea. Wenye mikato ya jamaa zilizogombana hawakai pamoja. Nilipotaka kujua chupa zote ni ngapi, nikaanza kunyoosha kidole, akaushika mkono wangu akauteremsha polepole. Nikaukalia. Ilikuwa ni viungo vya pilau, lakini sikuhesabu.

Dadangu asubuhi akaja kutafuta iliki ya chai, akakuta shamba la masikio. Akasimama, mkono kiunoni. Akafungua chupa moja baada ya nyingine akanusa, na maji yakachemka yakapungua nusu, na wateja mlangoni wanaita. "Kaka, mimi sasa ni mgeni jikoni kwangu," akaninong'onezea. Lakini uso wake ulikuwa kama wa bibi harusi, maana yule mtu alikuwa ameamka mapema, amenawa, amekuja mwenyewe jikoni kuuliza, "Mama, wamelala vizuri?"

Sasa nifike kwenye mchanganyiko wenyewe. Siku iliyofuata shemeji alivuta droo akakuta chupa zimehama. Iliki kwa watu wa nyama. Karafuu, asiye na akili ya kutembea, ametembea. Akazirudisha, akachukua asubuhi nzima, maana alikuwa akikitazama kila kiungo, akikigeuza, akikikaza uzi. Kesho yake zimehama tena. Na kesho yake. Mimi nikahisi panya. Panya havuti droo. Nikahisi majini, maana nyumba zilizokaa majini muda mrefu huwezi kujua zimekaribisha nini. Nikajihisi hata mimi mwenyewe, kwamba labda baada ya mafuriko nimeanza kutembea usingizini. Nikafunga mguu kwa kamba kwenye kitanda, na asubuhi chupa zilikuwa zimehama na mguu wangu umekufa ganzi.

Nikamwambia dadangu tumwite mtu asome dua. Akaacha kupepeta.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Ninazihamisha mimi. Akiwa amekwenda msikitini. Hujaona? Asubuhi nzima anazo. Akimaliza kuzipanga ni adhuhuri, anakula, analala, siku imekwisha. Kazi ikimalizika ataondoka, kwa hivyo haimaliziki."

"Na akijua?"

"Atajuaje? Ni chupa, kaka."

Nikafikiri sana. Mtu ambaye kundi zima likiingia jioni anajua nani hayupo bila kuhesabu, asijue nani anamhamishia chupa? Lakini dadangu ndiye mkewe, sikuwa na haki ya kumfundisha mumewe. Nikafungua mguu wangu.

Hazikupita siku nyingi, nikiwa nimekaa na shemeji pale jikoni, yeye anarudisha watu mahali pao, akasema, "Mtu nahamisha hawa."

Nikasema, "Labda panya."

"Panya hapana fungua mtoto wa meza." Akakaza uzi wa sikio. "Mama yangu, baba akitaka kwenda safari na yeye hapana taka, anafungua ndama. Asubuhi baba natafuta ndama. Natafuta, natafuta, jua nakuwa kali. Safari naisha. Baba najua. Ndama hapana jua kufungua kamba. Lakini natafuta tu."

"Kwa nini atafute na anajua?"

Akanitazama kama anayetazama mtu wa mtumbwi. "Mtu akifungua wewe ndama, ni mtu nataka wewe."

Nikacheka nikijua ni hadithi za ng'ombe. Nilimpa dadangu habari hiyo jioni, kwamba mumeo leo alikuwa na hadithi ndefu ya ndama wa mamake. Akasema huyo kila siku ni ndama, nisogeze kuni.

Tukakaa hivyo. Maji yaliondoka mabondeni, nyasi zikaota kama hazijawahi kuota, ndefu, na hazikuwa na wa kuzila. Kisha wakaanza kupita watu na ng'ombe wachache walionunuliwa au kusalimika, wakivuka barabara kuelekea uwandani. Shemeji akisikia kengele zao alitoka mpaka mlangoni. Alisimama pale mpaka vumbi likaisha. Siku za namna hiyo dadangu alizivuruga chupa vibaya sana, alizichanganya zote, hata alihamisha sikio la mmoja akampa mwingine. Na shemeji akirudi akivuta droo, nilimsikia akiguna, na mgongo wake ukalegea, akakaa chini kufanya kazi. Mimi nilikuwa katikati yao, huyu anavuruga huyu anapanga, na hakuna anayemwambia mwenzake neno, na chai inakuja na karafuu badala ya iliki. Wateja walidhani ni mtindo mpya. Mmoja aliomba aongezewe.

Halafu dadangu akaitwa kupika pilau ya harusi Tarasaa. Alirudi na minofu kwenye jani na furaha nyingi, akanivuta uani.

"Kaka, nimezijua."

"Nini?"

"Alama zake. Masikio. Leo nilipokuwa nikipika, nilitia mkono kwenye kikapu nikatoa bizari kwa kulishika sikio tu. Sikunusa. Lile lenye mpasuko na kipembe. Mbele ya wanawake wote wale. Nazijua zote, na mahali pao, huyu na huyu, nani hakai na nani." Kwa kuzihamisha kila siku alikuwa amejifunza bila kujua, kama mtu anayetukana kwa lugha ya jirani siku moja akajikuta anaisema.

"Sasa utazihamisha vizuri zaidi," nikasema.

"Sizihamishi tena. Nimechoka kumfanyia mume wangu hila. Amekaa mpaka sasa, si atakaa? Leo nitampangia mwenyewe, kila mmoja mahali pake. Kesho akifungua aone kwamba na mimi nimejifunza yake."

"Si ulisema isimalizike?"

"Kaka, wewe hujaoa siku nyingi," akasema, na ni kweli.

Alasiri hiyo shemeji alipokwenda kuswali, dadangu alinawa mikono, akapiga magoti mbele ya meza, akazipanga. Nilimwona. Alitaja majina ya jamaa kwa sauti ndogo, yale aliyoyasikia kwa mumewe, akiweka kila chupa kama anayelaza mtoto. Zile bizari tatu akazitenga. Iliki akampeleka kwa maziwa. Alipomaliza akasukuma droo ndani kwa kidole kimoja, akaenda kupiga unga wa mahamri akiimba.

Asubuhi dadangu alikuwa nyuma, kwenye karai la mafuta, na kila saa anachungulia. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti na kikombe changu. Shemeji akaja, amenawa, akapiga magoti, akavuta mtoto wa meza.

Hakugusa kitu. Alitazama kuanzia pembe hii mpaka pembe ile, halafu akarudi na macho, halafu akatazama tena. Nikaona mkono wake umeinuka kama unaotaka kukaza uzi, na uzi wenyewe ulikuwa umekazwa.

"Nani napanga?"

"Mkeo," nikasema. Nilifurahi kuwa wa kwanza kumpa habari. "Amezipanga mwenyewe jana. Zote."

"Yeye tu?"

"Yeye tu. Hakusaidiwa."

"Hapana hamisha hata mmoja?"

"Hata mmoja. Amesema hahamishi tena."

Akakaa juu ya visigino vyake. Kisha akasema, "Basi."

Hiyo basi nimeigeuza miaka yote hii. Kuna basi ya mtu aliyeshiba. Kuna basi ya kumwambia mtoto anyamaze, na basi ya kumalizia bei, na basi ya mtu aliyeruhusiwa. Katika Kiswahili chetu ni neno moja kama bizari, na yeye hakuniambia ni ipi. Uso wake haukuwa na hasira. Nilidhani amefurahi, nikamwitia dadangu, "Ameona!" Dadangu akajibu kutoka nyuma, "Mwambie angoje, nampakulia ya moto!"

Shemeji aliisukuma droo ndani taratibu mpaka ikagota. Akachukua fimbo yake nyuma ya mlango, akanipita pale kizingitini akaniwekea mkono begani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Nikasogeza miguu apite. Alivuka barabara, akapita nyuma ya maduka, akashika kinjia kinachokwenda uwandani, anatembea mwendo wake wa siku zote, si wa haraka. Dadangu akatoka na sahani ya mahamri akaniuliza yuko wapi, nikamwonyesha kwa kidole, kwa kuwa alikuwa bado anaonekana. Nyasi zilikuwa zimemfika kiunoni. Tukasimama tukimngoja ageuke, na hakugeuka, na hajarudi.